Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya Kuhusu Antibiotiki kwa Wazee Wasio na Dalili

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia nikiwa muuguzi katika makao ya wazee, nikiomba wizara yako itoe mwongozo unaokataza kupima mkojo wa mzee asiye na dalili za maambukizi ya njia ya mkojo. Usugu wa dawa, yaani bakteria kuacha kuuawa na antibiotiki, hujadiliwa sana kwa kuzitazama dawa zenyewe, ilhali kwetu tatizo huanza pale sampuli inapochukuliwa.

Mzee akiamka amechanganyikiwa, au mkojo wake ukibadilika harufu, sampuli hupelekwa maabara, na bakteria wakionekana antibiotiki huandikwa. Lakini kati ya asilimia 25 na 50 ya wanawake wanaoishi katika makao kama haya, na asilimia 15 hadi 40 ya wanaume, wana bakteria kwenye mkojo bila kuugua. Waliowekewa mpira wa mkojo (mrija wa kutoa mkojo kwenye kibofu) kwa muda mrefu karibu wote wanao. Majibu hayo, basi, hayathibitishi ugonjwa, na chanzo halisi cha kuchanganyikiwa, kiwe ni upungufu wa maji mwilini, kukosa choo au dawa mpya aliyoanzishiwa, huachwa bila kutafutwa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Dawa isiyohitajika huua bakteria inaowaweza na kuwaachia nafasi walio sugu, wakiwemo E. coli wanaotengeneza vimeng'enya vya kuvunja sefalosporini (kundi mojawapo la antibiotiki), ambao huhamia kwa wakazi wengine kupitia mikono yetu na vifaa tunavyovitumia kwa pamoja. Siku mzee huyo atakapougua kweli, vidonge kama siprofloksasini vinaweza kushindwa, na akalazimika kulazwa ili apewe dawa za sindano.

Ninaelewa hofu ya familia na ya madaktari kwamba kusubiri kunaweza kugharimu maisha. Mzee mwenye homa, kutetemeka au shinikizo la damu lililoshuka atibiwe mara moja, bila mjadala. Kwa aliyechanganyikiwa tu, bila homa wala maumivu ya njia ya mkojo, mwongozo wa mwaka 2019 wa chama cha wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza cha Marekani unashauri kutafuta sababu nyingine na kumwangalia kwa makini, badala ya kumpa antibiotiki.

Mwongozo wako utamke hivyo waziwazi, na uagize pia kwamba mpira wa mkojo uhojiwe kila siku kama bado unahitajika, na kwamba uliokaa muda mrefu ubadilishwe kabla ya kuchukua sampuli. Muuguzi wa zamu ya usiku anayeombwa apime mkojo "kwa tahadhari tu" anahitaji maandishi ya wizara ya kumwezesha kukataa.

Wako mtiifu,
Muuguzi wa makao ya wazee