Shangazi, dozi ya Chausiku haijaisha

Shikamoo Shangazi,

Jana kwenye simu ulisema paka wako Chausiku kapona, ushahidi wako ni kwamba kakuibia kipande cha samaki, changu, jikoni. Nikacheka. Ukaongeza kuwa vidonge vilivyobaki umevitia kabatini, vitafaa siku nyingine. Hapo kicheko kikanikauka. Naandika hapa wazi kwa sababu ukoo mzima tunafuga paka, na kila nyumba ina kabati kama lako.

Ulidhani ni uzee, sikulaumu. Paka wa miaka 12, bakuli la maji tupu kabla ya adhuhuri, mchanga wake chepechepe, chakula hagusi. Paka akikosa samaki hulia mtaa mzima usikie. Akiumwa hujikunyata chini ya kitanda, kimya. Mpaka daktari wa mifugo alipomminya kiunoni ndipo akapiga mayowe.

Bakteria walikuwa wamepanda kutoka kwenye kibofu, wakapita mirija ya mkojo hadi kwenye figo. Mara nyingi huwa ni E. coli, wale wale wanaoishi matumboni. Figo zikishambuliwa hushindwa kuyabakiza maji mwilini, yanapita tu, ndiyo maana kiu ilikuwa haimwishi.

Bado unanung'unikia ile sindano ya tumboni. Shangazi, mkojo wa kuokota kwenye mchanga una uchafu wa kila aina. Ule wa kuvutwa kibofuni ndio unaooteshwa maabara, ukaonyesha ni bakteria gani na dawa ipi inawaua. Hela yako haikupotea.

Sasa, kaandikiwa siku 14 na leo ni ya tano. Homa imeshuka, hamu ya kula imerudi, lakini bakteria waliobaki figoni wanaweza kuanza upya, na sehemu ya figo ikishakufa haioti tena. Maliza vyote, kisha mrudishe apimwe mkojo.

Na ile nusu ya parasetamoli uliyotaka kumpa siku ya kwanza! Ini la paka haliiwezi dawa hiyo. Nusu kidonge tu ingetosha kumuua. Nashukuru aliitema.

Kidonge cha leo kifiche ndani ya mnofu wa changu, maana sasa tunajua anachokipenda. Uangalie kama kakimeza kweli. Saa mbili usiku nitapiga simu kuuliza.

Mwanao