Kiti cha Jumamosi

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu katika Kristo Mfufuka. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema Kwaresima nzima uliamka alfajiri kusali bila kukosa, ila tangu Jumatatu ya Pasaka hujapiga magoti hata siku moja, na sasa unajiuliza kama yale yote yalikuwa bure. Hayakuwa bure, ndugu yangu. Ngoja nikueleze yaliyonipata mwaka jana, maana sijawahi kumsimulia mtu.

Kwaresima ile niliazimia kumtembelea bibi mmoja mgonjwa kila Jumamosi jioni. Namsomea Zaburi moja, tunasali Baba Yetu, namsikiliza, naondoka. Pasaka ilipofika nilifurahi kwelikweli. Nikafungua mfungo, nikazima kengele ya saa kumi na moja alfajiri, na Jumamosi zangu nazo nikazichukua. Sikuamua kumwacha yule bibi, sikumkumbuka tu. Zikapita wiki tano.

Siku niliyorudi nilikuta kiti cha mbao kimewekwa kando ya kitanda, upande wa sikio lake linalosikia. Juu yake kulikuwa na Biblia iliyofunguliwa Zaburi ya 27, pale tulipoishia, na miwani imelazwa juu ya ukurasa. Mjukuu wake alininong'oneza kwamba kila Jumamosi bibi humtuma akiweke kile kiti, na giza likiingia humwambia akiondoe. Bibi mwenyewe hakunilaumu. Alisogeza mkono juu ya shuka akasema, "Leo ni ya 28."

Nilisoma kwa shida, sauti haitoki.

Usiku ule nilifungua Matendo ya Mitume, nikaona jambo ambalo nilikuwa nalipita miaka yote. Sura ya 3: Petro na Yohane wanapanda hekaluni saa tisa, saa ya kusali. Watu hawa wamemwona Bwana akiwa hai, wamekula naye, Roho amewashukia siku ya Pentekoste, na bado saa tisa ikifika wanakwenda kusali. Sura ya 13, kanisa la Antiokia linafunga na kusali, kisha linawawekea mikono Barnaba na Sauli na kuwatuma. Haya yote yanatokea baada ya Ufufuko! Sisi tumeyageuza, rafiki yangu. Tunafunga tukiingoja Pasaka, ikifika tunaona tumemaliza kazi, utadhani Bwana alifufuka ili tupumzike kukaa naye.

Tazama pia maneno ya Yesu katika Mathayo 6. Hasemi "mkifunga", kana kwamba huenda ikatokea. Anasema "mfungapo", kama alivyosema "utoapo sadaka" na "usalipo". Ile *po* ndogo inazungumzia wakati ambao hauna budi kuja, tena yeye hakuutajia msimu.

Lakini usinielewe vibaya nikaonekana nakutwisha Kwaresima ya mwaka mzima. Kipindi cha Pasaka ni siku 50, kirefu kuliko zile 40 za Kwaresima, nacho ni cha furaha. Mtaguso wa Nisea, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, uliagiza kwamba siku za Bwana, yaani Jumapili, na siku zote za kipindi hiki hadi Pentekoste, watu wasali wakiwa wamesimama. Basi hilo la magoti lisikutese. Simama! Sali Malkia wa Mbingu, ile sala ya Mama Maria ya kipindi cha Pasaka, kwa moyo mkunjufu, hata kama ni dakika tatu kabla hujatoka nyumbani.

Naye Mtakatifu Benedikto, aliyewaandikia wamonaki, yaani watawa wa monasteri, kanuni ya maisha, na humo akasema kwamba maisha ya mmonaki yangepaswa kufanana na Kwaresima siku zote, aliongeza hapo hapo kwamba wenye nguvu hiyo ni wachache. Maneno hayo hunifariji sana. Kwa hiyo usijaribu kubeba yote uliyoyafanya zile siku 40. Shika moja. Mimi, ukiniuliza, ningekushauri Ijumaa. Wakristo wa kwanza walikuwa wakifunga Jumatano na Ijumaa, na hadi leo Kanisa letu Katoliki linazihesabu Ijumaa za mwaka mzima kuwa siku za toba, ingawa wengi wetu tunalikumbuka hilo Kwaresima tu. Jinyime kitu kimoja siku hiyo, na ulichojinyima kimfikie mtu. Hapo kwenye kumfikia mtu ndipo mimi nilipoanguka, ndiyo maana nakusisitizia. Sala niliyoikatiza niliweza kuirudia kimya kimya, hakuna aliyejua. Lakini kile kiti kiliwekwa Jumamosi tano na hakuna aliyekikalia.

Ijumaa hii saa tisa alasiri nitasimama nisali Baba Yetu kwa ajili yako. Nawe simama popote utakapokuwa, tusali pamoja. Kisha niandikie umechagua nini, nami nitakuwa nakuulizia. Mwenyewe nisingefika mbali bila mtu wa kuniulizia.

Bibi bado yupo, anakusalimu bila kukujua, maana nimemwambia habari zako. Jumamosi chache nimekosa, lakini kesho kutwa tunasoma Zaburi ya 71, ile ya mzee anayemwomba Mungu asimtupe. Nataka nimsomee taratibu.

Wako katika Kristo,
Rafiki yako