Mwanangu, huo ugomvi wa Harvard unakuhusu

Mwanangu,

Juzi kwenye simu ulisema vita ya Harvard na serikali ya Trump ni ugomvi wa matajiri, wamalizane wenyewe, wewe unataka kutuma maombi tu basi. Sikukujibu palepale, ila halijanitoka ndo maana naandika.

Sikia. Aprili 2025 serikali iliwaandikia barua, inataka watu wa nje waje kukagua mitazamo ya walimu na wanafunzi, inataka kuajiri na kudahili kubadilishwe, na wanafunzi wa kigeni wachujwe kwa wanachoamini. Tarehe 14 rais wa chuo, Alan Garber, akakataa, na siku hiyohiyo ruzuku za utafiti za dola bilioni 2.2 zikasimamishwa.

Sababu waliyotoa ni chuki dhidi ya Wayahudi. Na hapa unielewe vizuri, malalamiko yale hayakuwa ya kutunga, jopo la chuo chenyewe liliandika jinsi wanafunzi wa Kiyahudi walivyotengwa na kusumbuliwa, na jopo jingine likaandika hofu waliyoishi nayo Waislamu, Waarabu na Wapalestina. Garber mwenyewe ni Myahudi na aliomba radhi. Lakini sasa niambie, mtafiti wa kifua kikuu anapoletewa barua kwamba asimamishe kazi, hiyo inamlinda vipi mwanafunzi wa Kiyahudi? Hapo ndo mi serikali iliponipoteza kabisa.

Unasema wana hela. Kweli, ugomvi ulipoanza mfuko wao ulikuwa kama dola bilioni 53, ila sehemu kubwa imefungwa na masharti ya waliotoa, huyu katoa kwa ajili ya profesa wa somo fulani, yule kwa kusomesha wasio na uwezo, huwezi kuichota tu ukaendeshee maabara.

Halafu likaja lililoninyima usingizi. Mei 22 Wizara ya Usalama wa Ndani ikawafutia kibali cha kupokea wanafunzi wa kigeni, watu kama 6,800 hivi, zaidi ya robo ya chuo, yaani hata waliokuwa katikati ya masomo wakaambiwa wahamie kwingine au wapoteze haki ya kukaa nchini. Chuo kikitaka kibali kirudi kilipewa saa 72 kutoa kumbukumbu zao, mpaka video za walioandamana! Hawa watoto wa watu hawakukaa kwenye kikao chochote, hawakukataa barua ya mtu, lakini ndio waliogeuzwa fimbo ya kumchapia mwingine. Jaji Allison Burroughs wa Boston alizuia kesho yake tu, na Septemba akaamua kwamba kukata zile ruzuku kulivunja sheria na katiba, serikali ikakata rufaa.

Chuo kingine, Columbia, wao walikubali yaishe, wakaahidi kulipa dola milioni 200 na zaidi. Siwalaumu sana, ila moyo wangu uko kwa waliokataa.

Maombi tuma, na utume na vyuo vya nchi nyingine pia. Kitu kingine, tangu Juni 2025 anayeomba viza ya masomo Marekani anatakiwa aache akaunti zake za mitandao wazi zikaguliwe. Yale uliyoandika kuhusu Gaza niliyasoma yote. Usiyafute kwa kunihofia mimi. Ukiamua kuyafuta iwe umeamua mwenyewe, na kabla hujaamua nipigie, hata kama ni usiku wa manane.

Baba yako