Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama wote

Ndugu wanachama, salamu. Shughuli za kawaida mnazijua, manusura wa ubakaji na vipigo wamepokelewa, tumewasindikiza polisi na mahakamani, wajitoleaji wapya wamepata mafunzo, hesabu atazisoma mweka hazina.

Nije kwenye lile lililojaza meseji kwenye grupu, bodi kumsimamisha mkurugenzi na kufunga kwa muda simu ya usiku ambayo manusura hupiga kuomba msaada. Kuna waliosema mwenyekiti kawatelekeza manusura. Hilo silikubali hata kidogo. Washauri wetu walikuwa wanakesha na simu za watu waliobakwa na kupigwa, asubuhi wako ofisini tena, ukiomba likizo unaambiwa huna moyo wa kazi, ukilia baada ya kesi nzito unasemwa kikaoni mbele ya wenzako, na vile vikao vya kumsikiliza mshauri mwenyewe, ambavyo kwa kazi hii ni lazima, mkurugenzi alivifuta eti vinapoteza muda. Watu wakaanza kuacha kazi, zamu zao wakabebeshwa waliobaki, nao wakachoka zaidi. Mimi ndiye niliyekaa na waliobaki nikawasikiliza, na mimi ndiye niliyeipeleka ajenda kwenye bodi wakati wengine wanasema tusimuudhi mfadhili.

Na huu sio uvivu jamani. Shirika la Afya Duniani, kwenye ICD-11, yaani orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na matatizo ya afya, iliyoanza kutumika 2022, limeutaja uchovu huu kuwa unatokana na msongo sugu wa kazini ambao haujashughulikiwa vizuri: mtu anaishiwa nguvu, anaichukia kazi yake au kujitenga nayo, na utendaji wake unashuka. Hawakuuita ugonjwa, wameuita jambo la kazini, kwa hiyo wa kwanza kuulizwa ni anayepanga kazi. Halafu kwa sisi tunaosikiliza maumivu ya watu kuna la ziada, watafiti wa saikolojia McCann na Pearlman waliliandika tangu 1990, kwamba majeraha ya mteja yanamwingia na msikilizaji, mpaka namna anavyoiona dunia inabadilika. Sasa mshauri wa hali hiyo umkabidhi simu saa nane usiku? Anayepiga atajibiwa kwa ukali au kwa ubaridi, ataumia mara ya pili. Ndo maana tukafunga, na wanaopiga tukawaelekeza kwa wenzetu wenye zamu kamili.

Wanaolalamika leo walikuwa wapi? Mkutano wa kujadili hili tuliuitisha, akidi haikutimia, tukauitisha tena, ikawa vilevile. Ada ndo usiseme, zaidi ya nusu yenu hamjalipa, na hela hiyo ndo ingemlipa mtaalamu wa nje wa kuwasikiliza washauri wetu. Inaniuma sana.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia mkurugenzi mpya anayejua kuongoza watu, likizo ziheshimiwe, simu ya usiku irudi pale watu wa zamu watakapokuwa wa kutosha. Anayetaka kuupinga uamuzi wa bodi aje mkutano mkuu, alipe ada, apige kura.