Mdogo wangu, daftari la Baba ninalo mimi

Mdogo wangu mpenzi,

Ujumbe wako niliupata Jumapili. Niliusoma mara tatu, na kila mara nilikwama kwenye maneno yale yale: "Dada, naomba unitumie daftari la Baba, nataka watoto walione kabla hatujaenda Boston." Ni mistari miwili tu, baada ya miaka ambayo salamu zako zimekuwa zikinifikia kwa mdomo wa wifi. Ningeweza kukujibu kwa simu, lakini kwenye simu wewe hukata maneno nami hupandisha sauti, kwa hiyo nimeona nikuandikie hapa, mahali nilipokuwa nikisimulia tangu siku ya kwanza zile safari tulizompeleka Baba kwenye viwanja vya besiboli huku Marekani, na ambapo wapo watu waliomfahamu Baba kwa kumsoma tu na bado wakaniletea rambirambi alipofariki.

Kwanza nikuambie kwamba nimefurahi. Ukiwapeleka wanao Fenway Park umefanya jambo jema, kwa kuwa huo ndio uwanja ambao Baba aliutamani kuliko vyote. Ulifunguliwa Aprili 1912, na katika viwanja vyote vya ligi kuu ya besiboli hakuna ulioutangulia. Watoto watauona ukuta wa kijani wa upande wa kushoto, wenye kimo cha zaidi ya mita 11, watapiga picha, watadhani wamemaliza. Usiwaache waishie hapo. Wapeleke upande wa kulia, eneo la 42, mstari wa 37, kiti cha 21. Viti vya pale ni vya kijani isipokuwa hicho kimoja, ambacho ni chekundu, kwa sababu Juni 9, 1946 Ted Williams, mpigaji wa timu ya Boston, aliupiga mpira ukasafiri futi 502, kama mita 153 hivi, ukamwangukia mtazamaji aliyekuwa ameketi pale na kumtobolea kofia yake ya majani. Nilipomsimulia Baba kisa hicho jikoni kwangu, swali lake la kwanza lilikuwa kama yule mtu alilipwa kofia. Kisha akafungua ukurasa mpya, akaandika juu kwa ule mwandiko wake wa mlalo, "Boston, kiti chekundu," akapiga mstari kwa rula. Chini ya mstari huo hakuna kitu. Wewe unajua kwa nini hakuna kitu.

Chicago sikunyimi. Tiketi za Wrigley Field ulizitafuta wewe, Julai 2018, Baba akiwa na wiki mbili tangu ashuke kwenye ndege, nawe ukamnunulia karanga za maganda ambazo alizila kwa kuridhika, akisema zimekosa chumvi kidogo tu kuzifikia zetu. Nakumbuka tulivyomweleza habari za yale majani yanayotambaa ukutani tangu 1937, kwamba mpira ukinasa ndani yake mchezaji huinua mikono na mpigaji hupewa besi mbili, yaani vituo viwili kati ya vile anavyopaswa kuvikimbilia, na Baba akasema basi ukuta nao umo ndani ya sheria. Lakini kilichomteka ni ule ubao wa matokeo. Ulipomwambia kwamba namba zile hubadilishwa kwa mkono na watu wanaokaa ndani ya ubao, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema, "Kumbe kuna makarani mle." Mtu aliyehesabu matita ya mkonge kwa miaka 31, asubuhi hadi jua kuzama, aliuona uwanja mzima wa watu zaidi ya 40,000 na akawatambua wenzake wawili au watatu waliofichika nyuma ya mbao.

Na ile habari ya taa. Uwanja ule ulikaa tangu 1914 bila taa, michezo yote ikichezwa mchana, hadi Agosti 1988, na hata usiku ule wa kwanza mvua ikaja ikakatiza mchezo. Baba akasikia "1988" akapiga goti lake kwa kiganja: mwaka wa Coastal Union, timu yetu ya kandanda ya Tanga, mwaka wa ubingwa! Ulimkumbatia pale pale, mbele ya Wazungu, mkaanza kuwataja wachezaji wa Wagosi wa Kaya mmoja baada ya mwingine kana kwamba mko jukwaani Mkwakwani. Siku hiyo nilikupenda sana. Naliandika hili ili ulijue, kwa sababu yatakayofuata utayasoma kwa hasira.

Cincinnati nako ulikuwa mwana mwema. Joto lilikuwa kali, mto Ohio ukimeta nyuma ya uwanja, na ilipoingia Alasiri Baba akaanza kutazama huku na huku, akaona aibu kuuliza. Wewe ulimchukua mkono, mkapata kona tulivu nyuma ya ngazi, ukavua koti lako ukalitandika, ukasimama umewapa mgongo wapita njia mpaka alipotoa salamu. Hukuwahi kulitaja jambo hilo kwa mtu. Mimi niliwaona kwa sababu niliwafuata na maji.

Ni pale Cincinnati, katika mji uliokuwa na timu ya kulipwa tangu 1869, ndipo daftari lilipoanza. Yule mzee wa kiti cha jirani alikuwa akiandika kila pigo kwenye karatasi yenye miraba, na Baba hakuweza kuvumilia kuona mtu anaandika hesabu asizozielewa. Nilitafsiri kwa awamu zote tisa za mchezo, mfululizo. Kila nafasi uwanjani ina namba yake: mrushaji ni 1, mdakaji ni 2, hadi 9 kule nje kulia, mpira ukitoka kwa 6 kwenda kwa 4 kisha kwa 3, wapigaji wawili wamekwisha kwa mkupuo mmoja. Anayekosa mara tatu huandikiwa herufi K, na aliyesimama akitazama tu bila kulizungusha gongo, K yake hugeuzwa ikatazama nyuma. Baba aliipenda K iliyogeuzwa. Alisema ni haki, kwamba aliyejaribu na asiyejaribu wasiandikwe sawa. Tulipokuwa njiani kurudi kwangu Columbus tulisimama dukani akanunua kaunta buku, rula na penseli, na kabla ya kulala alikuwa ameshachora kurasa kumi.

Aliupenda mchezo huu kwa sababu moja, nawe ulimsikia akiirudia hadi ukachoka: hauna saa. Kwenye kandanda, alisema, timu ikishatangulia kwa bao moja wachezaji wanajilaza, kipa anafunga kamba za viatu, refa anatazama mkono wake, na mtu aliyelipa kiingilio anaibiwa dakika zake. Huku kila timu ina watu 27 wa kutolewa, watatu kwa kila awamu, na mpaka yule wa 27 atolewe hakuna mwenye uwezo wa kukuambia kwamba muda umekwisha.

Sasa tuje Pittsburgh.

Nilikuwa nimeuchagua uwanja ule kwa makusudi. Nilitaka Baba avuke kwa miguu daraja la Roberto Clemente, ambalo siku ya mchezo hufungwa kwa magari, na nilitaka ausikie wasifu wa mtu mwenyewe, mchezaji wa timu ya Pittsburgh: jinsi alivyomaliza na mapigo 3,000 kamili, na jinsi alivyopanda ndege Desemba 31, 1972 kutoka Puerto Rico kupeleka misaada kwa waliopigwa na tetemeko Nicaragua, ndege ikaanguka baharini. Ukuta wa kulia una kimo cha futi 21 kwa sababu 21 ilikuwa namba ya jezi yake. Na nilitaka nimwonyeshe pale pale uwanjani alipoingia Gift Ngoepe Aprili 2017, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kwetu kucheza ligi kuu, kijana aliyekulia katika chumba cha klabu ya besiboli karibu na Johannesburg ambako mama yake alikuwa mfanyakazi. Mara yake ya kwanza kabisa kushika gongo, aliupiga mpira akafika besi. Baba aliandika jina hilo pembeni mwa ukurasa. Lipo hapa mbele yangu, G yake imekolezwa mara mbili.

Katikati ya awamu ya saba watu wote husimama, hujinyoosha na kuimba. Baba alishaipenda desturi hiyo tangu Chicago. Akaliweka daftari juu ya kiti chake, penseli ikiwa ndani, akasimama na mikono nyuma kama mtu aliye kwenye wimbo wa taifa. Ukainama. Ukalichukua daftari, ukalifunga, ukalitia kwapani, penseli ikadondoka ikapita kwenye uwazi wa viti. Ukasema, "Baba, twende, tutakwama kwenye foleni." Tofauti ilikuwa alama moja. Akakutazama, akasema kwa sauti ya kuomba, sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo maishani mwangu, "Mwanangu, bado awamu mbili na nusu." Nawe hukujibu. Ulishaanza kupanda ngazi.

Tulipofika katikati ya daraja uwanja mzima ulilipuka nyuma yetu. Baba alisimama, akageuka, akashika chuma cha daraja. Akauliza, "Nani amepiga?" Wewe ulikuwa mbele, funguo za gari mkononi. Nilisema sijui. Akauliza tena, polepole, si kwa kuniuliza mimi. Kisha tukatembea.

Ninajua utakavyosema, kwa sababu umeshayasema jikoni kwangu usiku ule: kwamba mimi ndiye niliyeitaja zamu ya asubuhi, kwamba tangu awamu ya tano nilikuwa nikitazama saa. Ni kweli nilisema nina zamu saa kumi na mbili, na wagonjwa hawasubiri. Lakini kusema nina zamu na kumnyang'anya mzee kitu chake mbele za watu si jambo moja, na ungeniuliza ningekuambia kwamba nilikuwa tayari kwenda kazini bila kulala. Hukuniuliza. Nawe siku ya pili ulipanda ndege, safari ya Boston ikafa, na mimi ndiye niliyebaki kumweleza Baba kwamba tutakwenda mwakani.

Ningeweza kuyameza haya yote kama si yale uliyoyasema Tanga. Siku ya hitima, mbele ya baba zetu wadogo na shangazi, watu wakiwa bado na mikono mibichi ya kuomba dua, ulisema kwamba mzee alichoshwa, kwamba dada alimzungusha viwanjani juani kama mzigo. Nilikuwa upande wa wanawake, nilisikia kila neno. Mdogo wangu, mimi ndiye niliyempima sukari kila asubuhi kwa wiki saba. Kila tiketi niliyoinunua mimi ilikuwa ya kiti cha kivulini. Miguu yake ilivimba Cincinnati, sikatai, na usiku ule nilimkanda kwa maji ya chumvi na nikampigia simu daktari wake, aliyesema atembee, asikae kitandani. Alirudi nyumbani ameongezeka kilo tatu. Aliishi miezi minane baada ya hapo, na katika miezi hiyo hakuna simu niliyompigia ambayo hakuniuliza matokeo ya jana. Kama nilimchosha, basi alichoka kwa kitu alichokitaka mwenyewe, na mzee wa miaka 74 ana haki ya kuchagua kinachomchosha.

Nimetoka kwenye shauri la Boston, nisamehe. Wavalishe watoto kofia, viti vya Fenway ni vyembamba na vya zamani, na chagua siku ambayo huna ndege wala mkutano kesho yake. Kila timu hucheza nyumbani mara 81 kwa msimu, usiniambie siku imekosekana. Na foleni isiwe sababu tena: tangu 2023 mrushaji amewekewa muda, sekunde 15 besi zikiwa tupu na sasa 18 zikiwa na mtu, na mchezo uliokuwa ukichukua saa tatu unakwisha kwa saa mbili na dakika arobaini hivi. Baba angehuzunika kuiona saa ile uwanjani. Wewe itakufaa.

Daftari sitalitia posta. Nimelifungua sasa hivi: mchezo wa Pittsburgh umeandikwa hadi nusu ya awamu ya saba, na baada ya hapo miraba ni mitupu hadi mwisho wa ukurasa. Wapo walioniambia kwamba matokeo ya mchezo ule yanapatikana intaneti kwa dakika moja, kila pigo na jina la aliyepiga, na kwamba ningeweza kujaza. Sijayatafuta. Si mwandiko wangu unaotakiwa pale, wala si wako.

Niambie tarehe. Nitalileta mwenyewe, nitakaa na watoto eneo la 42 karibu na kile kiti, na sitanyanyuka kabla mtu wa 27 hajatoka. Ukitaka kuwahi gari, tangulia na wifi. Wanao niachie, nitawaleta hotelini. Ukurasa wa Boston ataujaza mkubwa wako, kwa kuwa nasikia ana mwandiko mzuri. Nitamfundisha namba za nafasi siku hiyo hiyo asubuhi. Mwambie tu achonge penseli mbili.

Dada yako.