Somo, subiri kwanza na hiyo sabufa

Shangani, Mtwara
Jumatano jioni

Somo,

Salaam aleikum. Habari za Lindi, habari za Mama Zuhura na watoto? Huku wote wazima, ila mvua haitupi nafasi. Nimekaa kimya tangu msimu wa korosho, najua, na lawama zako Mzee Chande amenifikishia zote bila kupunguza hata moja. Nimezikubali. Ila kuna jingine amelisema ambalo haliwezi kungoja: eti Jumamosi unakwenda kwa yule bwana wa Mnazi Mmoja kuchukua sabufa ya gari ya inchi 12 na amplifaya ya wati 2000, na ile laki na nusu yote inaishia hapo. Tafadhali, usitoe hela kabla hujamaliza kusoma.

Kwanza hizo wati. Geuza amplifaya utazame fyuzi ya ubavuni. Ukikuta ya ampea 25, zidisha kwa volti 13.8 za gari likiwa linanguruma, unapata 345. Hizo ndizo zinazoingia, na kama asilimia 40 huishia kwenye joto. Zinabaki mia mbili na ushei. Elfu mbili iko kwenye stika tu. Halafu milangoni bado una zile spika za karatasi zilizokuja na gari, zimechanika pembeni. Utakachosikia ni kibati cha namba kikitetemeka; watakaofaidi muziki ni wauza machungwa wa Mingoyo ukiwapita.

Hela ianzie milango ya mbele. Spika mbili za inchi 6 na nusu, ohm 4, zisizidi elfu sabini. Mbao, tepu na waya elfu ishirini. Elfu sitini ibaki ya redio. Usichukue spika ya karatasi hata ikiwa nzuri, maji ya mvua hupita ndani ya mlango kila siku na chumvi yetu ya baharini unaijua. Chukua yenye koni ya plastiki na mpira pembeni. Amplifaya huihitaji. Redio iliyoandikwa 50x4 hutoa wati 15 hadi 20 kila upande, na zinatosha kabisa kama mlango umetengenezwa.

Na hapo kwenye mlango ndipo watu wanapoharibu. Spika husukuma hewa mbele na nyuma kwa pamoja. Ikifungwa kwenye bati lenye matundu, hewa ya nyuma inazunguka na kuua ya mbele, besi inapotea, halafu mtu anasema spika mbovu. Fanya hivi. Chomoa hasi ya betri, spana namba 10. Fungua skrubu za mpini na za mkono wa kufungulia. Mkono wa kuzungushia kioo usiukung'ute kwa bisibisi: pitisha kitambaa nyuma yake, ukisugue kulia na kushoto kama unang'arisha kiatu, kile kipini cha waya kitaruka chenyewe (kitazame kinaangukia wapi). Kisha vuta pambo la mlango kuanzia chini.

Shusha kioo mpaka mwisho, upime kutoka bati hadi kwenye kioo. Hicho kipimo ndicho uende nacho dukani, maana sumaku ikigusa kioo kazi yote bure. Ikikosekana nafasi, inua spika kwa pete ya mbao. Seremala akukatie ya mninga, uipake vanishi pande zote, hata ndani ya matundu ya skrubu. MDF, ile mbao ya unga uliogandamizwa, usimruhusu, masika moja tu inavimba kama mkate kwenye chai. Ubao wa plastiki wa kukatia nyama nao unafaa, tena hauozi.

Matundu makubwa ya bati yazibe kwa tepu ya kuzibia mabati. Tafuta ile ya butili. Ya lami inanuka jua la mchana likiwaka na inateleza. Futa bati kwa spiriti, bandika, kandamiza kwa chupa. Ila vile vitundu vya chini kabisa vya kutolea maji USIVIZIBE, mlango utaoza kutoka ndani. Juu ya spika weka kipande cha plastiki kama kibaraza, maji yadondokee mbele yake.

Sasa waya, na hapa mkabe fundi wako koo. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya gari lako, soketi ya pini 10 ina bluu yenye mstari wa njano, ndio moto wa kudumu. Kijivu ni moto wa swichi ya funguo. Kahawia ndiyo ethi, waya wa bodi. Soketi ya pini 6 ni spika za nyuma: nyekundu na nyeupe kulia, nyeusi na njano kushoto. Redio mpya yenyewe, njano ni moto wa kudumu, nyekundu ni swichi, nyeusi ni ethi. Umeona mtego? Fundi wa kufananisha rangi ataunga moto wa redio kwenye spika ya nyuma. Apime kwa testa waya kwa waya. Na hasi za spika zisiguse bodi ya gari wala zisiungwe pamoja, IC (chipu ya kukuza sauti) ya redio inaungua palepale. Redio ikisahau stesheni kila ukizima gari, njano na nyekundu zimepishana.

Kujua chanya ya spika, igusishe betri ndogo ya saa, volti 1.5: koni ikitoka nje, upande ulioguswa na chanya ya betri ndio chanya ya spika. Spika moja ikigeuzwa, besi inakufa.

Chagua redio yenye HPF, kichujio cha kuzuia besi nzito isifike kwenye spika, uiweke kwenye hertz 80. Kama haina, mwambie fundi redio achomoe kapasita nne, mbili za kila spika, za mikrofaradi 1000, volti 25 au zaidi, kwenye TV mbovu. Aziunge mbilimbili hasi kwa hasi, zinakuwa kama moja ya 500, uiunge kwenye waya wa chanya wa kila spika. Kwa ohm 4 inakata chini ya 80 hivihivi, na spika haikoromi ukiongeza sauti. Kazi ya senti tu.

Ile redio ya kaseti unayolalamika inakamata stesheni mbili si mbovu. Ya Japani, FM yake inaishia 90, na zetu nyingi ziko juu ya hapo. Hela ikikatikia kwenye milango, baki nayo kwanza na uchomeke kile kidude cha bluetooth cha kwenye tundu la sigara, lakini ukiweke kati ya 87.5 na 90, ukipandisha zaidi redio haikisikii.

Narudia sabufa, maana nakujua. Kama yule bwana anakung'ang'ania, mwambie akutunzie mpaka msimu ujao. Haitaoza, na... basi, tuyaache.

Hebu nijibu haya. Kioo chako ni cha mkono au cha swichi? Tundu la redio lina upana gani, milimita 180 au 200? Nyuma kuna spika au ni matundu matupu? Fundi ni yule wa stendi au umempata mwingine? Na mjomba wa Masasi mguu unaendeleaje, amerudishiwa ile baiskeli? Ukija huku pitia kwangu na testa yako, na pweza mkavu usisahau.

Ni mimi,
Somo wako