Risala ya Wanawake Wachakataji wa Dagaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wanawake Duniani, Machi 8

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi mlioambatana naye,
Mwenyekiti wa Kijiji,
Wanakikundi na wananchi wote,

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekufikisha salama mwaloni kwetu, huku Sengerema. Barabara ya kutoka lami hadi hapa umeionja mwenyewe, hivyo hatutaisemea.

Kikundi chetu kilianza kwa mchezo wa kupeana fedha, wanawake 12 wanaonunua dagaa kwa wavuvi. Leo tupo 31. Tuna katiba, muhuri na akaunti ya benki. Mafanikio ni mengi. Tuna ofisi, ambayo ni sebule ya mwenyekiti wetu. Tumeingia soko la kimataifa, kwani mfanyabiashara kutoka Kongo alinunua kwetu magunia manne pale soko la Kirumba Mwaloni, Mwanza, na akasema atarudi. Tulipata pia mkopo usio na riba wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo wanawake wana 4, tukaurejesha wote kabla mikopo hiyo haijasimamishwa nchi nzima mwaka 2023. Stakabadhi zipo kwenye faili la bluu, ukipenda kuziona.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala zetu zilizopita ziliomba mambo saba saba, na hatukupata hata moja. Safari hii kamati imekubaliana tuombe jambo moja tu: chanja za kuanikia dagaa, na banda la kuwaingiza mvua inapotukuta.

Turuhusu tueleze, maana wageni wengi hudhani dagaa hutoka ziwani wakiwa wakavu. Wavuvi huingia ziwani usiku wa giza, kwa kuwa mbalamwezi ikikolea dagaa hawaifuati taa. Kwa hiyo siku zetu za kazi ndani ya mwezi zinahesabika. Boti zikirudi alfajiri tunanunua kwa ndoo, mara nyingi kwa mkopo, kisha tunaanika pale pale ufukweni, juu ya mchanga na nyavu chakavu. Jua likiwaka vizuri, jioni tunakusanya. Mvua ikishuka saa nane mchana, hakuna pa kukimbilia. Kesho yake dagaa wananuka, na aliyekuwa mboga ya watu anauzwa kuwa chakula cha kuku, kwa bei isiyorudisha hata ile ya ndoo mbichi.

Hata wasiponyeshewa, mnunuzi huchota konzi moja, anaitafuna, anasikia mchanga, basi bei inashuka papo hapo. Hatuwezi kubishana naye. Mchanga upo kweli.

Deni la wavuvi halingoji jua. Ndiyo maana wenzetu kadhaa wameangukia mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa mno. Kwa mwenye kazi ya kukausha, naye kukaushwa ni jambo la kusikitisha sana.

Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 tulishangilia, kwani gari letu halisubiri tena kivuko. Lakini daraja linawahisha sokoni dagaa wazuri na wabaya kwa mwendo ule ule.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima kubwa, hili si ombi jipya. Mgeni wetu wa kwanza alituahidi chanja kwa kipaza sauti, tukanunua mirunda siku ile ile ili tusionekane wazembe. Mchwa wameimaliza. Wa pili aliweka jiwe la msingi la banda. Jiwe lipo nyuma yako, hapo mama yetu alipotundika kanga. Msingi wenyewe bado. Wa tatu alipiga picha nyingi akiwa ameshika pakiti ya dagaa wetu, na picha hizo tuliziona zimependeza. Hatumlaumu yeyote, majukumu ni mengi. Tunaomba tu kwamba wewe, kabla hujapanda gari, umtaje mtu atakayefuatilia na tarehe ya kuanza, ili katibu aandike kwenye muhtasari.

Mchango wetu upo: mirunda mipya, mawe, mchanga na nguvu zetu. Tunachokosa ni nyavu za chanja, mabati na fundi. Makadirio yako kwenye karatasi iliyobanwa nyuma ya risala hii. Masika yameshaanza kugonga mlango, kwa hiyo kila wiki ina gharama yake.

Mwisho, tunaomba upokee zawadi ndogo ya dagaa. Usiwe na wasiwasi, hawana mchanga. Wamekaushwa kwenye chanja mbili tulizotengeneza wenyewe kwa majaribio, na ndizo zote tulizo nazo.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya kikundi